Jina la aseti ya gemu: kulitunga ili ionekane, na kutafuta bila kupotea

Anayetafuta aseti (modeli, picha au sauti za kutengenezea gemu) kwenye masoko ya mtandaoni kama Fab, Unity Asset Store au itch.io haandiki jina la kupendeza. Anaandika kitu anachokihitaji. Modeli ya jahazi uliyoiita "Malkia wa Bahari" itakaa hapo bila mtu kuiona. Anza na kitu chenyewe, kisha mtindo, kisha kinachoitofautisha na nyingine: "Dhow Sailboat – Low Poly – Rigged" (Low Poly ni modeli ya nyuso chache, Rigged ni yenye mifupa ya kuichezesha). "Dhow" peke yake itamfikia anayeyajua majahazi tu, "sailboat" itawaleta waliobaki. Malkia wako mpeleke kwenye maelezo.

Maneno yaliyokosa nafasi kwenye kichwa yaingie kwenye tagi: "wooden", "harbor", "fishing", kwa tahajia ya Kimarekani. Usijaze tagi zisizohusika. Aliyetafuta "pixel art" akaletewa modeli ya 3D hanunui. Na ukiuza daladala, andika "minibus". Jina la kampuni ya gari ni alama ya biashara ya watu, na tangazo linaweza kuondolewa.

Majina ya faili ni kazi nyingine kabisa. Watumiaji wa Unreal, injini ya kutengenezea gemu, wamezoea SM_ kwa modeli tuli, SK_ kwa yenye mifupa, T_ kwa teksicha (picha inayofunika modeli), M_ kwa materiali (jinsi uso unavyoonekana): SM_Dhow_Hull_01, T_Dhow_Hull_N. Usiweke nafasi kati ya maneno. Andika 01, si 1, la sivyo programu nyingi zitapanga 10 kabla ya 2.

Herufi kubwa na ndogo ndizo zinazoumiza watu kimyakimya. Windows haizitofautishi, Android na Linux zinazitofautisha. Kodi ya Godot, injini nyingine ya gemu, ikiita "sail.png" ilhali faili ni "Sail.png", gemu inacheza vizuri kwenye kompyuta yako, kisha kwenye simu picha haipatikani. Kwenye Godot andika zote ndogo, yaishe; kwa Unreal fuata mtindo wa hapo juu, ila herufi za kodi na za faili zilingane.

Teksicha ya normal (ile ya _N, inayoufanya uso bapa uonekane una mabonde na vilima) nayo itajwe aina yake, _DX au _GL. Unreal hutumia mpangilio wa DirectX, Unity na Godot wa OpenGL. Zikichanganywa, chaneli ya kijani inageuka na mabonde ya mbao yanaonekana vilima.

Ukiwa mtafutaji, anza na maneno mawili, punguza au badilisha: "baobab", kisha "savanna tree". Kwa 2D weka kipimo, "tileset 16x16" (seti ya vigae vya picha, kila kimoja pikseli 16 kwa 16), kwa sababu vigae vya 16 vikikaa na vya 32 pikseli hazilingani na jicho linaona mara moja. Utafutaji wa soko ukigoma, andika kwenye Google: site:itch.io village tileset 16x16.

Kabla ya kupakua, soma leseni. Nyingi ni za Creative Commons, zinazoanza na CC. CC0 haina sharti. Aseti za Kenney na Poly Haven, tovuti za aseti za bure, ziko hivyo. CC-BY inakutaka umtaje mwenye kazi. CC-BY-NC inakataza matumizi ya kibiashara, achana nayo kama gemu itauzwa. Tovuti ya OpenGameArt imechanganya leseni, kwa hiyo kila ukurasa uangalie peke yake. "Royalty-free" haimaanishi bure: unalipa mara moja, hudaiwi kwa kila nakala utakayouza.

Kisha weka faili ya maandishi ndani ya folda ileile: jina la mtengenezaji, kiungo, leseni, tarehe. Kurasa hufutwa, na wakati wa kuandika shukrani za gemu hutakumbuka ulikoitoa.