Kuchagua mashina ya mbegu ya maharage: gawa shamba kwanza

Ukichagua mbegu kwenye maharage ya kienyeji yaliyochanganyika, usizunguke shamba zima ukiokota mashina yaliyobeba sana. Pima kwa kamba miraba ya mita 5 kwa 5, na katika kila mraba uchukue mashina 10 yenye maganda mengi yaliyojaa. Idadi ya maganda hufuata sana rutuba na maji, kwa hiyo ukichagua kwa jumla utaondoka na mashina ya penye samadi au kichuguu, si yale yanayorithisha mavuno, na aina nyingine zitapotea kabisa. Ruka ya pembezoni na yaliyo kando ya pengo. Yamepata nafasi ya ziada. Punje za kila shina zikae mfuko wake, msimu ujao zipandwe mstari wake. Pima na uzito wa punje 100, maana huo hurithiwa vizuri kuliko idadi ya maganda. Yanayotambaa usiyashindanishe na ya kichaka. Kwenye mbaazi njia hii hulegea: nyuki huchanganya chavua, mama unamjua, baba humjui, labda ufunike mashina kwa chandarua kabla maua hayajafunguka.