Deni la bumu ukiwa ughaibuni: anza na salari slipu

Ukipanda ndege KIA, deni la bumu, yaani mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, unapanda nalo. Aliyeajiriwa nyumbani hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, apende asipende. Mwajiri wako wa Leeds au Toronto hana habari na Bodi ya Mikopo, hivyo hakuna anayekukata, na kimya hicho ndicho kilichotulaza wengi. Anayeamshwa ni mdhamini. Wangu alikuwa baba mdogo wa Kibosho. Alinipigia saa kumi alfajiri kuniuliza, "Mwanangu, kwani wewe hujamaliza shule?"

Kabla hujatuma hata shilingi, omba Bodi taarifa ya mkopo wako. Wanakutambua kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na mwaka uliofanya. Kama cheti kiko kabatini kwa mama, mwombe akipige picha leo. Taarifa ikija, isome na kalamu mkononi. Hapa ndipo penye kazi.

Mimi nilifundisha shule moja Arusha, jina naliacha, nikakatwa miezi kumi na moja. Taarifa ilionyesha saba. Ya miezi minne ilitoka kwangu, kwa Bodi haikufika. Kilichoniokoa ni salari slipu zilizolala miaka kwenye sanduku la bati la mama, zimeliwa na mende pembeni lakini tarakimu zinasomeka. Nilizipeleka mwenyewe ofisi ya Bodi ya Arusha nilipokuja kula Krismasi. Kutoka Moshi ni kama kilomita 80, lakini usisubiri tarehe 23 Desemba, maana Wachagga wote tunakuwa barabarani na ofisi zinakaribia kufungwa. Nenda wiki ya kwanza, na ubaki na nakala.

Angalia pia tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021. Ukiiona inaendelea kuongezwa kwenye miaka ya karibuni, uliza.

Kulipa kwenyewe ni kwepesi. Unapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa benki au kwa simu. Ukiwa na akaunti ya CRDB au NMB, SimBanking na Mkononi zinafanya kazi hata ukiwa nje, ilimradi laini yako ya Tanzania bado iko hai. Usimtumie ndugu "akulipie." Laki tano zangu za kwanza ziligeuka bati za banda la ng'ombe, na kusema kweli banda ni zuri.

Piga hesabu mapema: deni la milioni 8 kwa laki moja kwa mwezi ni miezi 80, yaani miaka sita na miezi minane. Mwenye mshahara wa ughaibuni asijifungie huko. Lipa mara tatu yake, umalize kabla mtoto hajaingia darasa la tatu.

Salio likisoma sifuri, dai uthibitisho wa maandishi kwamba umemaliza. Nakala moja mpe mdhamini. Baba mdogo ameitia yake kwenye fremu, imening'inia sebuleni kando ya picha yangu ya kipaimara.