Gari la Familia Lina Kelele na Linarusha? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumpa Fundi Pesa

Usianze kwa kununua karatasi za kuzuia sauti. Gari linalogonga likishuka Bugando hapa Mwanza, au linalovuma njia nzima kutoka Usagara, mara nyingi lina ugonjwa chini, na kulifunika kwa ndani ni kuuficha tu. Anza kwenye tairi, kisha panda juu.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba za kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo ya Toyota huangukia kati ya psi 30 na 35. Ukijaza 40 ili kubana mafuta, kila jiwe la barabara za mlimani litakufikia kiunoni.

Tairi lina tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani huwa mgumu na huvuma hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni ndefu. Pitisha kiganja juu ya kashata, mbele kisha nyuma. Ukihisi makali upande mmoja, kelele umeipata, na chanzo chake ni alaimenti (jinsi tairi zilivyonyooshwa) iliyopotea au shokapu iliyokufa. Rimu kubwa achana nazo. Ukuta wa tairi la 185/65R15 una takriban milimita 120, wa 195/50R16 unabaki na 97 hivi, na ukuta huo ndio unaomeza mashimo.

Beringi ya tairi huvuma zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwenye kona ya kushoto uzito unahamia kulia. Sauti ikikua hapo, shuku beringi ya kulia. Mvumo unaobadilika lami inapobadilika, lakini haujali kona, ni wa tairi.

Sasa bushi, na hapa soma taratibu. Wengi wanabadilisha bushi (raba za maungio) za loa amu, ule mkono wa chini unaoshikilia tairi, baada ya muda mfupi gari linagonga tena, wanailaumu bushi kuwa feki, wananunua nyingine, nayo inakufa vilevile. Mara nyingi kosa liko kwenye kukaza. Fundi ananyanyua gari kwa jeki, tairi linaning'inia, amu imeshuka. Anaingiza bolti na kuikaza hapohapo mpaka mwisho. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Bomba lake la ndani likishabanwa na bolti halisogei, na ni mpira wenyewe unaojipinda amu inapopanda na kushuka. Ikikazwa amu ikiwa inaning'inia, gari likiteremshwa mpira unapindika, na unabaki umepindika hata gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Ukiingia shimo unapindwa zaidi, mpaka unachanika. Kabla ya kuchanika unalifanya gari liwe gumu, kwa sababu unashindana na springi muda wote. Mwenye gari anatoka gereji akiambiwa bushi mpya ndivyo zilivyo, zitalainika. Hazilainiki.

Kwa hiyo mwambie fundi kabla hajashika spana: bolti zinazopita katikati ya bushi zishikizwe tu, tairi zirudishwe, gari lishuke likae kwa uzito wake wote, litikiswe mara chache, ndipo zikazwe kwa kipimo cha kiwanda. Kama chini ya gari hapafikiki, liache kwenye stendi, uweke jeki ya pili chini ya amu, karibu na boljointi (kiungo cha mwisho wa amu upande wa tairi), uipandishe mpaka gari linaanza kunyanyuka kutoka kwenye stendi. Hapo amu imekaa karibu na mahali pake pa kawaida. Bushi za ekseli ya nyuma nazo ni hivyohivyo. Simama hapo uone ikifanyika.

Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, pamoja na maunti za juu (vishikizo vyake kwenye bodi) na raba za kuzuia kugota. Spesa, yaani vipande vinavyowekwa kwenye springi au shokapu ili kunyanyua gari, hazilainishi chochote: zinapunguza nafasi ya tairi kushuka, na gari linagonga kila likitoka kwenye tuta.

Milango ipime kwa karatasi. Fungia karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umelala na upepo unapita hapo.

Ukishamaliza hayo yote ndipo ununue karatasi za kuzuia sauti za butili (mpira unaonata, wenye foili juu), unene wa milimita 2. Hesabu kilo 3 hadi 4 kwa mita mraba, kwa hiyo usijaze gari zima: kufunika robo hadi nusu ya bati la mlango kunatosha kuua mtetemo. Safisha kwa spiriti, bana kwa rola mpaka mistari ya foili ilale. Matundu ya maji chini ya mlango usiyazibe. Lami ya paa usiiguse, inayeyuka juani na harufu yake haitoki. Zulia lenye unyevu lianikwe mpaka likauke kabisa kabla ya kurudi, la sivyo sakafu itaoza kwa kutu huku huioni.

Kabla ya kufungua viti, chomoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Soketi za njano ni za earibegi, mifuko ya hewa inayofumuka gari likigongwa. Usipange kazi hii siku moja kabla ya safari ya Musoma. Alaimenti ifanyike mwisho, na nati za tairi zirudiwe kukazwa baada ya kilomita 50 hadi 100.