Somo: Kukisia bidhaa zijazo za kampuni ya teknolojia kwa kusoma hataza zake

Ndugu wasomaji, kila inapotangazwa kwamba kampuni fulani imepata hataza ya kifaa cha ajabu, wengi huamini kwamba kifaa hicho kiko njiani. Mara nyingi hakiji. Hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, nawe hulazimika kuueleza uvumbuzi huo hadharani. Lakini haikulazimishi kutengeneza chochote. Mwaka 2016 Amazon ilipewa hataza nchini Marekani ya ghala linaloelea angani, likiwa limening'inia chini ya chombo kikubwa mfano wa puto, ambako droni zingeshuka na mizigo ya wateja. Ghala hilo halijajengwa. Basi usiishie kuuliza kampuni imebuni nini. Uliza inalipia nini, kwa muda gani na katika nchi ngapi, kwa maana wazo kuliandika ni rahisi, ila kulilinda kunagharimu.

Hatua ya kwanza: kusanya majina.

Hifadhi za hati za hataza mtandaoni, kama Espacenet, PATENTSCOPE na Google Patents, zinapatikana bure. Anza kwa jina la kampuni katika sehemu ya mwombaji, kisha tafuta kwa majina ya wavumbuzi unaowakuta humo, kwa sababu baadhi ya maombi huchapishwa bila jina la kampuni, na mengine huwasilishwa kwa jina la kampuni ndogo ambayo hujawahi kuisikia. Hata majina ya bidhaa hufichwa hivyo: mwaka 2006 ombi la kusajili jina la iPhone, simu ya Apple, nchini Marekani liliwekwa na kampuni iliyoitwa Ocean Telecom Services, likitegemea ombi lililotangulia Trinidad na Tobago.

Hatua ya pili: panga tarehe.

Kila hati ina tarehe kadhaa, na mwanafunzi anayezichanganya atakosea kila hesabu inayofuata. Iliyo muhimu kwetu ni tarehe ya kipaumbele, yaani siku uvumbuzi ulipowasilishwa kwa mara ya kwanza popote duniani. Ombi huchapishwa takribani miezi 18 baada ya siku hiyo, kwa hiyo unachokisoma leo ni fikra za kampuni za mwaka mmoja na nusu uliopita au zaidi. Panga hati zako kwa tarehe hiyo, wala si kwa siku uliyoziona.

Hatua ya tatu: soma madai kabla ya michoro.

Hapa naomba utulivu wako, kwa maana ndipo makosa mengi huzaliwa. Michoro huvutia, na maelezo marefu ya katikati hutaja kila matumizi ambayo wakili ameweza kuyafikiria, kuanzia saa hadi gari. Kinacholindwa kisheria ni madai, zile sentensi zenye namba mwishoni mwa hati, na hasa dai la kwanza, ambalo kwa kawaida ndilo pana kuliko mengine. Liandike upya kwa maneno yako, kisha ujiulize ni tatizo gani la kiufundi linalotatuliwa.

Chukua ombi la Apple la Mei 2004 kuhusu skrini inayotambua miguso kadhaa kwa wakati mmoja. Lilichapishwa Mei 2006, baada ya muda mrefu kuliko ule wa kawaida, na iPhone ikatangazwa Januari 2007. Hataza ilipotolewa mwaka 2010, dai lake la kwanza lilieleza tabaka angavu la kuhisi miguso inayotokea pamoja mahali tofauti, bila kutaja simu. Msomaji makini wa mwaka 2006 angeweza kusema kwa haki kwamba kampuni hii inajenga uwezo wa kugusa skrini kwa vidole vingi, lakini asingeweza kusema kwa uhakika kwamba inajenga simu. Hataza hufichua uwezo. Bidhaa utaikisia kwa kuunganisha uwezo kadhaa unaokua pamoja. Ukikuta katika kipindi kimoja maombi ya lenzi nyembamba, ya kufuatilia mwendo wa macho, ya kupunguza joto karibu na uso na ya kupanga uzito kichwani, una sababu nzuri zaidi ya kutarajia kifaa cha kuvaliwa usoni kuliko kama ungekuwa na mchoro mmoja wa miwani.

Hatua ya nne: fuata gharama.

Baada ya ombi la kwanza, kampuni ina miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine bila kupoteza kipaumbele. Ikipitia mkataba wa kimataifa unaosimamiwa na Shirika la Miliki Bunifu Duniani, hupata hadi miezi 30 au zaidi kidogo tangu tarehe ya kipaumbele kabla ya kuamua ni nchi zipi itaingia. Uamuzi huo ndio ninaouthamini kuliko ishara zote, kwa sababu kila nchi huleta ada, mawakili na mara nyingi tafsiri ya hati nzima. Maombi yote yanayotokana na uvumbuzi mmoja huitwa familia, nazo hifadhi huyaonyesha pamoja. Familia iliyobaki katika nchi moja huenda ni wazo lililotunzwa kwa tahadhari tu. Iliyoenea katika nchi zenye soko kubwa na zenye viwanda inaonyesha kwamba kuna mtu aliyeidhinisha matumizi.

Nchini Marekani angalia pia maombi endelezi. Kampuni huweza kuacha tawi moja la ombi likiwa hai ili iandike madai mapya juu ya maelezo yaleyale, na madai hayo yanapozidi kuwa mahususi mwaka hadi mwaka, aghalabu kuna bidhaa halisi nyuma yake.

Hatua ya tano: andika kisio lako.

Weka tarehe, uwezo unaouona, bidhaa unayoitarajia na jambo ambalo likitokea utakiri kwamba umekosea. Kisha linganisha na nafasi za kazi zinazotangazwa, kampuni zinazonunuliwa, na usajili wa maumbo ya nje na alama za biashara.

Maswali ya wasomaji

Swali: Mwalimu, je, hataza iliyokwisha kutolewa si ushahidi mzito kuliko ombi?

Jibu: Kutolewa kunaonyesha kwamba mkaguzi ameridhika kuwa uvumbuzi ni mpya na si wa dhahiri kwa mtaalamu, nia ya kampuni haipimwi hapo. Tazama badala yake kama ada za kuidumisha zinalipwa. Marekani hulipwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa, na kampuni inayoiachia hataza ikafa imekueleza jambo.

Swali: Nimetafuta hataza za kampuni moja kuhusu akili mnemba nikakuta chache. Nihitimishe kwamba wamebaki nyuma?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Njia inayofanya kazi ndani ya seva, ambako mshindani hawezi kuiona, mara nyingi hutunzwa kama siri ya biashara, kwa sababu kuiombea hataza ni kuitangaza. Aidha, Marekani humruhusu mwombaji asiyekusudia kuomba nje ya nchi kuzuia uchapishaji hadi hataza itakapotolewa. Uhaba wa hati una uzito zaidi katika vifaa vinavyoweza kufunguliwa na kuchunguzwa.

Swali: Hati nyingi ninazozihitaji ziko kwa Kichina na Kijapani. Nifanyeje?

Jibu: Espacenet ina tafsiri ya mashine, nayo inatosha kukujulisha mada. Kwa madai usiitegemee, kwani neno moja linaweza kubadilisha mipaka ya haki. Tafuta kwanza ndugu wa hati hiyo katika familia yake. Huenda yuko aliyeandikwa kwa lugha unayoisoma.

Swali: Naweza kujua mwaka ambao bidhaa itatoka?

Jibu: Kwa hataza peke yake, huwezi. Apple iliwasilisha mwaka 2006 ombi la kifaa cha kuonyesha picha kinachovaliwa kichwani, likakubaliwa mwaka 2012, na Vision Pro, kifaa chake cha kuvaliwa usoni, ikaanza kuuzwa Februari 2024. Ile skrini ya kugusa ilichukua chini ya miaka mitatu kutoka ombi hadi tangazo. Yeyote aliyeweka fedha zake kwenye kifaa cha kichwani kwa kutumia kalenda ya skrini ya kugusa angesubiri zaidi ya miaka 14 ya nyongeza.