Namna ya Kupata na Kufanya Mafunzo kwa Vitendo katika Masuala ya Wanawake na Jinsia

Kuanzia Julai hadi Septemba, wanafunzi wa vyuo vingi nchini Tanzania hutawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo, ambayo wao wenyewe huyaita fildi. Miongoni mwao wamo wanaosoma jinsia na maendeleo katika Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kule Kigamboni, maendeleo ya jamii katika Taasisi ya Tengeru, na ustawi wa jamii pale Kijitonyama. Wengi huanza kwa kutafuta shirika lenye jina kubwa, kwa matumaini kwamba jina hilo litapendeza kwenye wasifu wao. Ningekushauri uanzie kwingine: jiulize ni suala gani la maisha ya wanawake unataka kulielewa kwa undani, kisha utafute ofisi ambayo suala hilo hupita mezani kila siku, hata kama ofisi hiyo ni chumba kimoja katika jengo la kata.

Ikiwa unavutiwa na ndoa, mirathi na ardhi, nafasi yako iko kwenye mashirika yanayotoa msaada wa kisheria, kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, yaani TAWLA, au Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, pamoja na wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya jamii wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Anayependa habari na uchechemuzi, yaani kushawishi ili sera na mitazamo ibadilike, aangalie TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987. Kwa upande wa sera na bajeti yenye mtazamo wa kijinsia, wapo TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia Tanzania, wa Mabibo, Dar es Salaam, ambao wamejulikana kwa miaka mingi kwa semina zao za Jumatano za jinsia na maendeleo. Kuhudhuria semina kama hizo kabla ya kuomba nafasi kutakusaidia kuijua kazi ya shirika kuliko kusoma vipeperushi vyake. Mwanafunzi wa Zanzibar akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki huko, na kwamba mashauri ya talaka na matunzo ya Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo maandalizi yake yatakuwa tofauti.

Mimi binafsi naipendelea idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, ambayo wanafunzi wengi huidharau. Huko ndiko inakosimamiwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukikaa na afisa anayepitia maombi ya vikundi, utajifunza kuuliza maswali ambayo mihadhara haiyafikii: nani anashika fedha za kikundi, nani anasaini benki, na je, biashara iliyoandikwa kwa majina ya kina mama inaendeshwa na kina mama wenyewe?

Omba nafasi miezi mitatu au zaidi kabla. Barua yako iwe ya ukurasa mmoja, itaje kozi, mwaka wa masomo, tarehe za kuanza na kumaliza, na jambo mahususi unalotaka kujifunza katika ofisi hiyo, kisha uiambatanishe na barua ya utambulisho ya chuo. Kwa halmashauri, mwandikie Mkurugenzi, hata kama unamfahamu mkuu wa idara, kwa sababu barua isiyopita masjala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua, haina wa kuifuatilia. Peleka mwenyewe ikiwezekana, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nafasi nyingi hazina malipo, kwa hiyo hesabu nauli, chakula na malazi mapema. Wanufaika wa Bodi ya Mikopo waulize chuoni kuhusu fedha za mafunzo kwa vitendo, na wasipange maisha wakitegemea kwamba zitaingia siku ya kwanza. Wanafunzi wa kiume nao waombe bila kusita, maana kazi hii inawahitaji na inawahusu.

Kabla ya kuripoti, soma sheria chache kwa makini. Fahamu kwamba mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18, ni kinyume cha Katiba, na kwamba Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo mwaka 2019. Soma pia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hasa kifungu cha 20, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Halafu soma hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambayo Mahakama ya Rufani ilikubali ndani yake kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa.

Hukumu hiyo utaikuta ikiishi mezani. Chukua mfano wa asubuhi ya kawaida katika dawati la msaada wa kisheria: mama anaingia na bahasha ya kaki yenye cheti cha ndoa na risiti za mabati, anakaa, kisha anasema, "Mimi pale sina changu, sikuwa na kazi." Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba mteja hakuwa na kipato. Mwanafunzi aliyejiandaa atamwamkia kwa heshima, atamwacha aeleze, na ataandika kwamba alikuwa akiuza vitumbua alfajiri, akiwapikia mafundi wakati nyumba inajengwa, akisimamia mchanga na saruji mume akiwa safarini, na akilea watoto wanne. Maelezo hayo ndiyo wakili atakayoyahitaji. Mwulize pia kama shauri limeshapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kwa kuwa kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka bila hati ya baraza hilo, na wanawake wengi hupoteza nauli kwa kutolijua hilo. Usimwulize kwa nini alivumilia miaka yote, wala usimwahidi kwamba atashinda.

Usiri ni sharti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa hizi, lakini hata isingekuwepo, mwanamke aliyekueleza mambo ya chumbani kwake hakukupa ruhusa ya kuyapeleka chuoni. Katika daftari la kumbukumbu na ripoti tumia namba badala ya majina, ficha kijiji pale ambapo kukitaja kunamtambulisha mhusika, na usipige picha ya jalada wala kuweka habari ya ofisini kwenye WhatsApp. Kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au katika vituo vya mkono kwa mkono hospitalini, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata huduma zote mahali pamoja, usiingie kwenye mahojiano bila idhini ya msimamizi na ya mhusika mwenyewe. Ukiambiwa ubaki nje, baki, hasa aliyeumizwa akiwa mtoto.

Ujilinde na wewe pia. Ofisi inayotetea haki za wanawake inaweza kuwa na mtu anayetaka mwanafunzi amlipe kwa mwili ili amsainie fomu ya tathmini. Hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe wote aliokutumia, mweleze msimamizi wako wa chuo mapema, na unaweza kupiga simu TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113 bila malipo.

Andika daftari lako siku ileile na umwombe msimamizi alitie saini kila wiki, kwa kuwa daftari linalojazwa siku ya mwisho hujulikana kwa mwandiko wake tu. Katika ripoti, usieleze historia ya shirika kwa kurasa kumi. Chagua jambo moja uliloliona likijirudia, onyesha linavyotokea, nani linamwumiza na ni hatua gani ya ofisi inayolipunguza au kulizidisha. Kabla ya kuondoka, mwombe msimamizi aisome rasimu na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mteja, kisha uache nakala moja ofisini ili mwanafunzi ajaye aendelee pale ulipoishia.