Mandolini ya mbao za kwetu: mninga mgongoni, mpingo chini ya vidole

Mandolini ni ala ndogo ya nyuzi, jamaa ya gitaa. Kwa desturi zile za Marekani huwa na uso wa sprusi (mbao nyepesi ya nchi za baridi), mgongo na mbavu (yaani pembeni) za mepo, mbao ngumu ya huko huko. Hapa Bagamoyo mbao hizo ni adimu, na mninga unaifanya kazi ya mepo vizuri sana.

1. Chagua mbao

Mninga ukikauka hausinyai sana, na kwenye mbavu za milimita 2 hilo lina maana kuliko rangi yake nzuri. Mafundi wa milango huwa na mabaki. Hakikisha yametoka kwenye mbao halali. Shika kipande karibu na ncha, kining'inie, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikitoa mlio unaoendelea, chukua. Kikisema "pu" na kunyamaza, mwachie wa stuli.

Uso usiufanye wa mninga. Uso ndio unaotikisika, unataka mbao nyepesi: paini kuukuu, mistari imebanana, haina vifundo.

2. Subiri ikauke

Usiunganishe vipande kwa gundi wakati wa masika. Mbao hapa pwani hunywa unyevu. Ala iliyofungwa ikiwa imevimba itapasuka ikifika Dodoma. Ngoja kaskazi.

3. Kunja mbavu

Vaa barakoa, maana vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Randa hadi milimita 2, lowesha, kisha kandamiza taratibu kwenye bomba la chuma lenye moto. Mbao ikianza kulialia, usiongeze nguvu. Ongeza maji na joto.

4. Shingo na mpingo

Nyuzi 8, jozi 4, kwa pamoja huvuta kwa zaidi ya kilo 60. Shingo ya mninga iwe na mistari iliyonyooka mwanzo hadi mwisho.

Ubao wa vidole (unaobonyezea nyuzi shingoni) na daraja (kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso) ni mpingo. Mafuta yake hukataa gundi: piga msasa, futa kwa asetoni, gandisha papo hapo, bila kuacha hadi kesho. Daraja lichonge jembamba. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na daraja nene humeza sauti.

5. Funga nyuzi

Urefu wa uzi uwe kama milimita 350, freti (kijiti cha chuma kwenye ubao wa vidole) ya 12 ikae katikati kabisa. Daraja usiligandishe, nyuzi zitalikandamiza. Lisogeze kidogo kidogo mpaka sauti ya freti ya 12 ilingane na ile unayoipata ukiugusa uzi kidogo tu mahali hapohapo.