Viungo wakabaji wawili: wafundishe kwa kamba

Msimu uliopita vijana wangu hapa Nyalenda, Kisumu, walifungwa bao lile lile mara kadhaa. Winga wetu anapokonywa mpira, beki wa kando tayari amepanda, namba sita, kiungo mkabaji wetu pekee, anakimbilia pembeni kuziba, na katikati panabaki uwanja mtupu. Mtu mmoja hazibi mashimo mawili. Nikahamia mfumo wa 4-2-3-1: mabeki wanne, viungo wakabaji wawili mbele yao, washambuliaji watatu nyuma ya mshambulizi mmoja.

Hatua ya 1: Chagua wawili wasiofanana. Mmoja wa kunyang'anya, mwingine wa kuutoa mpira. Ufaransa ilipotwaa Kombe la Dunia 2018, Kanté alinasa na Pogba akasambaza pasi ndefu. Wanyama wetu kule Tottenham alikaba, Dembélé akaukokota mpira kutoka kwenye msongamano. Ukipanga wakabaji watupu, mtakaba vizuri ila hamtavuka nusu yenu.

Hatua ya 2: Tafuta kamba ya katani, mita 12 hivi. Kila mmoja ashike ncha moja mkononi, asijifunge. Wewe tembea na mpira polepole kutoka upande hadi upande. Mmoja akienda kushoto, mwenzake amfuate. Kamba isiburuzike chini wala isikazwe ikawatoka mikononi.

Hapa ndipo penye kazi: wasisimame sambamba. Aliye karibu na mpira awe hatua tano mbele, mwenzake nyuma yake kwa mshazari. Wakilingana, pasi moja tu inawapita wote wawili na mabeki wa kati wanabaki uso kwa uso na mshambulizi. Fanya dakika kumi, kisha itupe kamba mcheze bila hiyo. Wiki ya kwanza walinicheka, mmoja akasema anajiona kama mbuzi aliyefungwa malishoni. Wiki ya tatu nilimwona akigeuza shingo kumtafuta mwenzake kabla mpira haujafika.

Hatua ya 3: Akipanda mmoja, mwingine abaki. Anayepanda apaze sauti: "Baki!" Mabeki wa kando wakipanda wote, anayebaki ashuke katikati ya mabeki wa kati, nyuma wawe watatu.

Hatua ya 4: Cheza sita kwa sita. Kila mpira unaopita katikati ya viungo hao wawili uhesabiwe bao.

Mkikutana na timu iliyojilundika nyuma, wawili ni wengi. Mtoe mmoja, ingiza mshambulizi. Mimi husubiri hadi dakika ya 60, na mara mbili nimechelewa.